Ng'ombe wa Matunzo

Majengo, Jumanne, Mei 1996

Nacheka peke yangu kama kichaa. Nimehangaika mahakamani mwaka mzima nikidai matunzo ya watoto, nikiapa kwamba sitaki tena kuiona sura ya baba yao. Hakimu akaamua anipe ng'ombe wa maziwa. Nikapiga vigelegele!

Mimi, mtoto wa wakulima wa mpunga, nimekamua ng'ombe lini? Kanipiga teke, ndoo ikaruka, majirani wakafurahi. Anamkubali baba Limi tu. Basi kila asubuhi mwanaume niliyeachana naye anakuja kukamua, na mjinga mimi namchemshia chai.

Leo kasema, "Mama Limi, nikufundishe, nisikusumbue tena."

Nikamjibu haraka, "Ngoja kwanza, ng'ombe bado hajanizoea."

Na nilikuwa nimeshachana nywele.