Kiunzi cha Elia Mgongoni mwa Dume

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimevunja taa ya barabarani, redio ya lori na mita ya maji. Siku nzuri. Mita ilitapika kioo chake kabla sijafika nusu ya nguvu. Mwenyewe alikuja na suti, akaondoka na mabaki kwenye mfuko wa rambo. Nilitaka kucheka, nikajizuia mpaka alipofika getini.

Ndiyo kazi yangu. Watu wanaleta vitu hapa kwenye maabara yetu ya Mtumba, mimi navifunga kwa bolti juu ya meza ya mtetemo, nawasha, navitazama vikifa nyuma ya kioo. Bora vifie hapa kuliko barabarani. Meza tunaiita Dume. Chini yake kuna koili nene ndani ya sumaku. Ukiipa umeme inapanda na kushuka, taratibu kama mchi kinuni ukitaka, au kwa kasi ambayo jicho haliioni kabisa. Hapo chuma kinaonekana kimetulia, kumbe kinararuka.

Injinia Lyimo, bosi wetu, amekuja na kazi ya Alhamisi. Watu wa magari ya wagonjwa wanataka kiunzi cha kushikilia mtungi wa oksijeni. Fundi anayekitengeneza ni Elia wa Chamwino. Nikamwambia Elia ni mdogo wangu, tumbo moja. Akasema anajua, lakini Dume halina mtu mwingine linayemsikiliza.

"Wewe tikisa tu," akasema.

Sijapenda.

Jumanne, 7 Oktoba

Umeme unacheza tangu asubuhi. Nimetukana sana.

Shida ni kinga. Juu ya meza tunabandika kihisi, kitu kidogo kama punje ya mahindi, chenye waya. Kinaiambia kompyuta meza inatikisika kiasi gani. Kompyuta ikiona mtikisiko mdogo inaongeza nguvu, ikiona mkubwa inapunguza. Hiyo ndiyo kamba ya Dume puani. Kihisi kikipotea, kinga inazima kila kitu. Lakini umeme ukiyumba, kinga inadhani kihisi kimepotea, inazima katikati ya kazi, naanza upya. Leo hivyo hivyo, tena na tena.

Injinia akaja akiwa amefura. Zima hiyo kinga mpaka umeme utulie, akasema. Nikabisha kidogo. Kidogo tu, maana nilikuwa na njaa. Nikaizima. Kazi ikaenda bila kukatika hata mara moja, na kusema kweli nilifurahi.

Nta pia inakaribia kuisha. Kihisi tunakibandika kwa nta ya nyuki, ndivyo wanavyofanya hata wakubwa wa kazi hii. Ile ya kopo iliyokuja na mashine iliisha zamani. Siku hizi tunanunua kwa mama wa asali pale Kibaigwa. Inashika vizuri. Mikono yangu inanukia mzinga siku nzima.

Jumatano, 8 Oktoba

Elia kapiga simu. Hakunyamaza. Kiunzi kimekamilika, tena ametengeneza viwili vinavyofanana, kimoja cha akiba. Amekipanda na kukirukia mbele ya mama na majirani. Kwetu Chamwino fundi wa vyuma hakabidhi geti mpaka alipande, alirukie, mteja aone. Nikamwambia Dume halirukii, Dume linatetema. Akacheka. Kwake ni kitu kimoja.

Anataka kazi hii mno. Amechoka na madirisha ya watu. Akiipata atatengeneza viunzi vya magari yote ya mkoa, atakuwa na karakana yenye paa. Mama ameshamwombea kanisani.

Nami nataka aipate. Lakini mwaka jana mtungi ulichomoka ndani ya gari, kwenye barabara ya makorongo, ukamvunja muuguzi mguu. Ndiyo sababu wanapima safari hii. Kikikatika, kikatike kwangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niko kwenye benchi la hospitali. Naandika hivyo hivyo.

Joto lilikuwa baya. Dume lilikuwa limefanya kazi ya mtu mwingine tangu asubuhi na meza ilikuwa ya moto. Tukafunga kiunzi cha Elia, tukaweka mtungi uliojaa mchanga. Nikabandika kihisi kwa nta. Nikaanza na nguvu ndogo kabisa, ile ya kusikiliza. Kwa nguvu hiyo sote tunaingia chumbani mwa Dume na kuweka kiganja juu ya chuma, kutafuta mahali kinapovuma. Injinia anafanya hivyo. Mimi nafanya. Elia, aliyekuwa amekileta kiunzi mwenyewe, akaniomba. Nikamfungulia mlango mimi mwenyewe.

Akaweka mkono kati ya kiunzi na mtungi. Akatabasamu. "Dada, inanguruma kama paka."

Nta ikalainika. Nilikiona kihisi kikiteleza, kikaanguka, kikaning'inia kwa waya wake. Kompyuta ikaona meza imetulia. Ikaongeza nguvu. Ikaona bado imetulia. Ikaongeza zote.

Sijawahi kusikia sauti ile. Sakafu ilinipiga miguuni. Kioo kikapasuka kutoka juu mpaka chini. Mtungi ulikuwa unagonga kiunzi, na mkono wa Elia ulikuwa katikati, ukigongwa, ukigongwa. Alikuwa anapiga kelele lakini sikumsikia, niliuona mdomo tu. Nikapiga kitufe chekundu kwa ngumi. Dume likanyamaza. Ndipo nikamsikia.

Damu ilikuwa mpaka dirishani.

Kiunzi hakikuachia hata sehemu moja.

Ijumaa, 10 Oktoba

Vidole viwili vya mkono wa kulia vimekatwa. Cha tatu hawajui.

Mama alikuja kutoka Chamwino. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alinipiga kofi mbele ya manesi, kisha la pili. Sikuinua mkono kujikinga. Akasema, "Ulimfungulia mlango wewe." Ni kweli. Kisha akaketi sakafuni, akavua kiatu, akaanza kupiga nacho sakafu.

Najichukia. Nta naijua. Joto nalijua. Kinga tuliyoizima Jumanne nilipaswa kuiwasha asubuhi ile, umeme ulikuwa umetulia. Sikukumbuka. Kilikuwa kitu kizuri kufanya kazi bila kukatizwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemrushia Injinia spana. Ilipiga mlango, si yeye. Bahati yake, au yangu.

Aliniita ofisini akiwa mtulivu kupita kiasi. Akasema amefikiri. Dume lilitoa nguvu yake yote na kiunzi kikashika, sasa kuna haja gani ya kupima tena? Tuandike kimepita. Elia apate kazi, akafarijike, nasi yaishe. Nikamwambia kuvumilia kipigo kimoja si kuvumilia barabara ya makorongo mwaka mzima. Dume lilipiga juu na chini tu. Gari linapiga mbele na nyuma, kushoto na kulia, asubuhi mpaka jioni. Akasema nina roho ngumu kwa damu yangu mwenyewe.

Hapo ndipo spana ilipoondoka mkononi.

Hakunifukuza. Alikwenda akapapasa mlango uliobonyea. Kisha akasema kinga aliizima yeye kwa mdomo wake, na atawaambia hivyo watakaokuja kuuliza. Sikutarajia. Hasira ikakosa pa kwenda, nikatoka nje nikapiga teke ukuta mpaka ukucha ukang'oka.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemwona Elia. Kidole cha tatu kimenusurika. Mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, umekuwa mkubwa kama wa mtu mwingine.

Nilimwomba radhi. Hakutaka kusikia. Anataka kitu kimoja tu.

"Kilishika, dada. Wote mliona. Andika hivyo."

Nikamwambia lazima nipime cha pili, kuanzia mwanzo, pande zote tatu. Akanitazama kama sisemi lugha anayoijua. Akasema amelipa kwa vidole, bado nataka nini? Mama alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Alisikia yote.

Jibu ninalo moja tu. Ni yule muuguzi aliyevunjika mguu. Nikamtaja. Elia akageuzia uso ukutani.

Nilitaka kusema nitaandika. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza, nikapanda daladala kurudi Mtumba.

Jumatano, 15 Oktoba

Kioo kipya kimewekwa. Nta yote nimeitupa. Nimetoboa meza, nimefunga kihisi kwa skrubu ya chuma, na cha pili pembeni yake, kimoja kikidanganya kingine kiseme. Kinga imewashwa. Nimebandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa: HAKUNA MKONO NDANI, HATA KWA NGUVU NDOGO. Injinia alilisoma, akaongeza sahihi yake chini.

Umeme ulikata kazi mara kadhaa. Nilianza upya kila mara. Sikutukana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kiunzi cha pili.

Juu na chini, kilipita. Nikakilaza upande, nikaanza polepole, nikapanda. Kilipofika kwenye ile kasi inayokifanya kivume kilianza kuruka kama mbuzi aliyefungwa, lakini kikashika. Nikakiacha hapo saa nyingi, kama sheria inavyotaka. Nilikaa nimekaza meno mpaka taya ikauma. Nilikuwa nakiombea chuma. Sijawahi kukiombea chuma.

Upande wa tatu. Mbele na nyuma, kama gari linapofunga breki na kuondoka, kufunga na kuondoka. Alasiri nikaona vumbi jembamba jekundu kwenye pembe ya chini. Hilo si vumbi. Ni chuma kinachojisaga ndani ya ufa. Mkono ulikuwa juu ya kitufe. Ningezima pale na kusema muda umetosha, nani angejua? Injinia alikuwa amesimama nyuma yangu.

Sikuzima.

Pembe ikararuka. Mguu ukafyatuka, kiunzi kikapinda na kuutema mtungi. Uligonga mlango wa chuma wa chumba, ukaacha shimo, ukarudi, ukagonga tena, ukabingirika mpaka kona. Kinga ikazima kila kitu.

Kwa muda mfupi nilifurahi, maana ndiyo kazi yangu na niliifanya sawasawa. Kisha nikaingia kuuokota mtungi.

Mtungi ule ungekuwa kifuani mwa mtu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemwambia Elia kwa simu. Kimeshindwa. Amekata.

Watu wa magari wamesema wako tayari kupima kingine kabla ya mvua kukolea, akileta. Nimemtumia ujumbe.

Jumapili, 9 Novemba

Nimekwenda Chamwino baada ya ibada. Wiki zote hizi hakunipigia wala kupokea. Kwenye begi nilikuwa na ile pembe iliyoraruka, nimeizungushia kanga.

Mama alikuwa anapepeta mtama uani. "Mbukwenyi," nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani, kama watoto tulivyofundishwa. Alimaliza kwanza ungo aliokuwa nao. Kisha akaitikia, akanionyesha kwa kidevu upande wa karakana.

Elia alikuwa amekaa juu ya gogo. Kitambaa kimebaki kwenye kiganja tu sasa, mahali pa vidole pamefunikwa vizuri. Nikamwekea pembe magotini. Akapitisha kidole gumba cha kushoto juu ya ufa, kwenda na kurudi.

"Weldi haijaachia," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Chuma ndicho kilichoraruka, pembeni ya weldi. Pembe ni tupu mno. Inahitaji kipande cha kuishikilia.

Akainuka, akachukua chaki kwa mkono wa kushoto, akachora pembetatu kwenye bati. Mistari ilikwenda upande kama ya mtoto. Akaifuta kwa kisigino, akachora tena. Kisha akakata bati nene kwa msumeno, polepole, nikimshikia upande wa pili. Jasho lilimtiririka. Nilitaka kumwambia aache, nikaendelea kushika.

Alipomaliza aliweka ile pembetatu penye pembe ya kiunzi kipya alichokuwa amekianza. Ikawa inateleza. Mkono wake wa kulia haukuweza kuikaza, na wa kushoto ulikuwa umeshika kishikio cha kuchomelea. Alijaribu kwa goti. Ikaanguka. Akajaribu tena.

Nikasogea. Nikaweka kiganja changu juu ya chuma, nikakikandamiza mahali pake, vidole karibu kabisa na pale moto utakapopita. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka, naye alijua kwamba nauona.

Sikuondoa wangu.

"Fumba macho, dada," akasema.

Nikafumba.