Ng'ombe wa kwenye simu

Ijumaa usiku.

Eti ng'ombe wa kwenye simu wanakamuliwa wapi! Baba wa binti anayechumbiwa na mjukuu wangu aliniuliza hivyo leo kwenye kikao cha mahari, ukumbi mzima ukacheka. Nikamjibu, "Wa kwako ukame uliwakamua mpaka mifupa, baba." Nikacheka peke yangu.

Ng'ombe wangu niliwauza, nikanunua kwa simu vipande vya mfuko wa uwekezaji wenye hisa za makampuni mengi. Ni kama zamani tulivyogawa mifugo kwenye maboma ya watu, ugonjwa usimalize wote. Sasa bei ya vipande imeshuka.

Mjukuu wangu Masanja akapiga magoti palepale. "Bibi, uza vipande nioe."

"Ng'ombe aliyekonda hauzwi. Simama, unajichafua."

Binti anaozwa kwa kijana mwingine, wa Ibadakuli, mwenye zizi la ng'ombe. Masanja amelala bila kula. Nimemfunikia ugali na maziwa, ya kununua.