Aliuliza Tu, Amri Ikafuta

Ndugu yangu, nimekwisha. Usicheke kwanza.

Unaikumbuka ile amri yangu ya "safisha" niliyojitapa nayo kwako, ya kufuta majibu ya zamani ya vipimo kwenye kompyuta ya maabara?

Leo mama wa maabara kaandika "safisha --help". Alitaka kusoma maelezo ya jinsi ya kuitumia. Maelezo tu!

Ikafuta. Sikuifundisha kujibu maswali, basi ikalipuuza swali, na kwa kuwa haikupewa tarehe, ikafuta majibu ya wagonjwa wote, hata ya leo. Wote!

Mama kanitazama: "Mwanangu, si nimeuliza tu? Kosa langu nini?"

Kuuliza si ujinga, mama. Mjinga ni mimi.

Wagonjwa wamejaa kwenye benchi, wanasubiri.

Nakala pekee iko kwenye flashi niliyokuazima jana uweke filamu zako. Nakusihi, niambie hujaisafisha.