Amplifaya ya Mbele Inawaka, ya Nyuma Ndiyo Inayolia

Bi Salhiya, shikamoo. Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa ijayo, maana jambo hili nimelianzisha kwa mdomo wangu mwenyewe na sasa sijui nilimalize vipi.

Mimi napiga gitaa la besi katika kikundi cha taarabu hapa mjini, nna miaka arubaini na saba, na kwa miaka kumi na tano nimekuwa nikibeba amplifaya moja kubwa mithili ya friji, naipandisha ngazi za majumba ya Mji Mkongwe, zile nyembamba zenye kona, mpaka juu kabisa kwenye hoteli tunakowapigia wageni, naishusha tena, Jumamosi naipeleka harusini, mpaka mgongo ukasema basi na daktari akanikataza kunyanyua kitu kizito.

Shemegi yangu Makungu, kaka wa mke wangu Nassra, ni fundi wa redio mtaa wa Ng'ambo, mtu mpole asiye na maneno mengi, na aliponiona natembea nimeinama kama niliye kwenye rukuu akasema atanitengenezea amplifaya mpya kwa mikono yake, akaja na daftari mazoezini, akatuuliza mimi na wapiga besi watatu wa vikundi vyengine waliokuwepo tunataka nini, na sisi kwa ule uchovu sote tukajibu neno moja, iwe nyepesi, mengine yote tukayasahau, naye akaandika "nyepesi" akalipigia mstari chini yake. Miezi minne ameishughulikia. Ilipokwisha akanita kwenye kibanda chake, nikaipiga mle ndani, vikombe vikatetemeka kwenye sinia, na kuinyanyua ni mkono mmoja tu, wallahi nilifurahi.

Harusi ya kwanza ilikuwa Amani, uwanjani, chini ya maturubali. Bi Salhiya, besi haikusikika. Kibandani mna kuta nne za kuisaidia sauti, lakini pale uwanjani ilipotea yote, nikaongeza, ikaanza kukoroma, na Mwanakhamis, muimbaji wetu, akageuka akanitazama mara moja tu, na wewe unajua anavyotazama muimbaji aliyeachwa peke yake. Ile ya zamani nilikuwa nimeitia garini kwa tahadhari, basi wimbo ulipokwisha tukaiweka nyuma ya pazia la jukwaa, nikachomeka waya wangu huko, na mpya nikaiacha pale pale mbele, taa yake ya buluu inawaka. Kumbe Makungu ndo kwanza anaingia. Akasimama nyuma kabisa, akasikiliza nyimbo tatu bila ya kukaa, halafu akanijia macho yamemlowa, akanambia, "Shemegi, sauti ile ndiyo niliyokuwa naitafuta." Nikaona muhali, nikashindwa kumwambia kweli usoni. Nikamjibu, "Mashaallah, mikono yako ina baraka."

Tangu siku hiyo ni miezi mitatu, kila shughuli nabeba amplifaya mbili badala ya moja, ya mbele ya kuwaka na ya nyuma ya kulia, wenzangu wa kikundi wanajua na wananicheka, na Nassra kila siku ananichua mgongo huku anauliza mbona hauponi na hali kaka yake amenipunguzia mzigo. Na sasa Ridhwan, mpiga besi wa kikundi chengine, alitusikia harusini akavutiwa, akamuagizia Makungu ya kwake, imeshakwisha, na ile yake ya zamani ameshampa mtu. Ijumaa ijayo ndiyo ataipiga mara ya mwanzo, uwanjani, kwenye harusi ya dada yake, na sisi siku hiyo tuna harusi yetu Bububu. Makungu ameziweka kando redio za watu, anatengeneza nyengine tatu. Nimefikiria niseme yangu imeingia maji ya mvua ikaharibika, nitoke hivyo. Nnaogopa nikisema kweli nitamvunja moyo shemegi yangu na udugu uharibike, na nikinyamaza ataaibika Ridhwan mbele za watu. Nifanye nini?

Mpiga besi, Amani

*

Marahaba, baba. Pole na mgongo. Pole yangu inaishia hapo.

Shemegi yako alifanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi, aliuliza kabla ya kutengeneza. Wewe ukamjibu kwa mgongo, masikio ukayaacha nyumbani. Hilo nakusamehe, aliyechoka hujibu kichovu. La pili silisamehe. Mtu amekuja mbele yako na machozi, ukampa mashaallah badala ya kweli, halafu unaniandikia kuwa uliona muhali. Muhali ni kunywa chai kwa watu na hali umeshiba. Kumuacha mtu atengeneze nyengine tatu zisizosikika ni kumdhulumu. Na tazama ulivyolipwa: ulikuwa na mzigo mmoja, sasa unayo miwili.

Habari ya mvua ifute kabisa. Njia ya muongo ni fupi, na yako inafika mwisho Ijumaa, kwa sababu amplifaya ya Ridhwan haikunyeshewa.

Unaogopa kumvunja moyo. Mtu aliyesimama nyimbo tatu bila ya kukaa ana sikio, na mwenye sikio sauti mbaya haimvunji, anataka kujua imeharibikia wapi. Atakukasirikia wewe. Ana haki, nawe utastahamili.

Leo mwambie Nassra kwa mdomo wako, asije akayasikia kwa kaka yake. Kesho asubuhi mchukue Makungu na amplifaya zote mbili mpaka pale pale uwanjani Amani. Usimpigie hotuba. Msimamishe aliposimama siku ile, piga wimbo mmoja kwa mpya, kisha wimbo huo huo kwa ya zamani, umwambie: "Siku ile ulisikia hii." Maneno manne yanatosha.

Halafu muombe afungue daftari, umjibu upya. Mimi si fundi, lakini harusini hukaa safu ya nyuma karibu na masufuria, na sisi wa huko mpiga besi hatumuoni, tunamjua kwa nyayo za miguu. Basi aandike hivyo: bibi wa safu ya nyuma aisikie miguuni, hata uwanjani. Isikorome ukiongeza. Umeme ukipungua isizimike katikati ya ubeti. Vidude vya kuzungusha viwe vitatu, si kumi, uvipate gizani bila ya kuinama. Iwe na mishikio miwili, ishikwe na watu wawili. Nyepesi pia aandike, lakini mwisho. Ikibidi uzito uongezeke ili isikike, uongezeke, na wewe uombe mtu akusaidie ngazini. Kuomba msaada wa kubeba si aibu, baba, mbona kuniandikia mimi hukuona haya?

Kesho hiyo hiyo nendeni nyote wawili kwa Ridhwan, mumwambie. Usimuachie Makungu aseme, sema wewe. Na Ijumaa ile kubwa yako ya zamani apewe Ridhwan, tena mtafutie na watu wa kumbebea, dada yake aolewe kwa besi inayosikika.

Bububu wewe utapiga kwa mpya. Mbele za watu, taa ya buluu inawaka, na nyuma ya pazia pasiwe na kitu. Makungu asimame nyuma na daftari lake, aandike anachokosa kusikia. Na Mwanakhamis akigeuka kukutazama, usiinamishe kichwa. Mtazame, uendelee kupiga.