Ubeti Nilioufuta Kamachumu

Mpendwa Tata, baba yangu,

Juzi kile kikundi chetu cha muziki wa asili cha Bukoba kiliniandikia. Wanataka niwaandalie tena siku mbili za mafunzo, Jumamosi na Jumapili, kama zile za Kamachumu. Nilipoisoma barua yao nilikwenda kunawa mikono. Ndiyo maana nakuandikia, ingawa mwaka umepita tangu tukuzike Kagoma.

Miaka ile ujamaa ulikuwa bado mchanga, nami nilikuwa katibu mwenye majivuno. Nilizunguka kwa baiskeli nikiomba madarasa ya kulala, mikungu ya ndizi, samaki wa Kemondo. Kisha nikaja kwako. "Tata, njoo utufundishe kupiga enanga. Hawa walimu na makarani wa mjini hawajui hata inavyoshikwa." Ulicheka, ukazifuta vumbi nyuzi zake, ukaja.

Jumamosi ulikaa kwenye jamvi, sisi tumekuzunguka, ukatufundisha wimbo ulioutunga mwenyewe juu ya mama yako: mjane aliyenyang'anywa kibanja chake cha migomba na chifu, akaondoka na mtoto mgongoni na mche mmoja wa mgomba mkononi. Mtoto huyo ulikuwa wewe. Karani mmoja, mtu asiyecheka na yeyote, alijifuta macho kwa tai.

Mchana mwenyekiti wetu akanivuta pembeni. "Kesho tuna mgeni, mkubwa wa serikali. Ule ubeti wa mjane unahuzunisha. Mwambie mzee aubadilishe. Mgeni amrudishie mjane kibanja, naye apige magoti amshukuru kwa jina."

Ningeweza kukataa. Badala yake niliuandika ubeti huo mwenyewe, nikautafutia na vina, nikakuletea.

"Mama alikufa akiwalimia watu," uliniambia. "Kibanja alirudishiwa lini?"

"Tata, ni ubeti mmoja tu."

"Maneno haya ni ya mwenyekiti au ni yako?"

"Ni yetu sote."

Ulinitazama, ukaendelea kukaza nyuzi.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, mgeni alikula akashiba, akakaa mbele. Ulipiga vizuri mpaka ukafika kwenye ubeti ule, kisha ukaondoa vidole. Mwenyekiti akanikodolea macho. Nikainuka, nikakupokonya enanga mapajani mbele ya watu wote, nikaimba mimi. Nilimpigisha magoti bibi yangu mbele ya mtu aliyekuwa akijichokonoa meno kwa mwiba wa samaki.

"Rudia!" akasema, akipiga makofi.

Nilirudia. Mara tatu, Tata, tena nikitabasamu.

Nilipogeuka ulikuwa umeshaifikia barabara. Nilikukimbilia na enanga yako.

"Baki nayo," ulisema. "Imeshakuzoea."

Hukuigusa tena mpaka kufa. Wala hukunigombeza hata siku moja. Kila nilipokuja nyumbani ulinimiminia rubisi ya ndizi, ukaniuliza habari za mjini, kama unavyomuuliza mgeni. Heri ungenipiga.

Kwa miaka mingi nilimchukia mwenyekiti. Nikamchukia na yule mkubwa, ambaye baadaye alihamishwa na leo hakuna anayemtaja. Siku hizi kinyaa kimebaki kwangu mwenyewe. Naisikia sauti yangu ile tamu ya Jumapili.

Nilitaka kuwajibu kikundi kwamba nitakuja, ila kwa sharti moja: wajifunze wimbo kama ulivyoutunga. Leo tangu asubuhi nimekaa na enanga. Mwanzo naukumbuka. Mwisho naukumbuka. Ubeti wa Bibi sina. Nilikwenda kumuuliza Mama, akatikisa kichwa: "Ule alikuwa akiuimba yeye tu." Nimejaribu tena na tena. Kila nikifika pale, mdomo wangu unatoa jina la yule mgeni.

Lala salama, Tata. Kikundi nimewajibu kwamba siwezi.

Ni mimi, mwanao wa kwanza.