Kaka, Umenizika Redioni

Kaka Osmundi, shikamoo. Natumaini umerudi nyumbani Ngumbo salama na kifua cha mama kimetulia. Hapa mimi na wanangu hatuumwi. Nalisema hilo mapema kwa sababu wewe umetangaza vingine.

Kazi ni ya kubangaiza tu. Tangu mitumba ijae Dar es Salaam, hakuna anayeshonesha suruali mpya. Kutwa nzima nabana viuno vya hiyo mitumba, kafa Ulaya. Jumamosi nilikuwa kwenye cherehani, redio mojawapo ya hizi mpya za watu binafsi imewashwa, mara nikasikia wimbo wetu, ule wa binti anayeanika usipa, dagaa wa ziwa letu. Nilisimama kwa furaha. "Sikilizeni," nikawaambia mafundi wenzangu, "huyo anayeimba ni mimi!"

Ulipoisha, mtangazaji akakukaribisha wewe. Kumbe ulikuwa mjini! Akakuuliza bendi ya Ziwa Tulivu ilipotelea wapi baada ya wimbo mmoja. Ukasema umebaki peke yako.

"Na yule mwimbaji?"

"Mdogo wangu huyo, alishafariki, Mungu amrehemu. Wimbo nilitunga mimi, yeye nilimfundisha tu."

Mafundi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Marehemu, lete mkasi!" Hadi leo ndilo jina langu. Hilo ningelivumilia. Lakini jioni binti yangu Neema, naye alikuwa amekusikia redioni, aliniuliza, "Baba, ile hadithi ya bendi ulitutungia?" Nikamwimbia wimbo mzima. Akainama. "Hata mimi naujua wote, baba. Umetuimbia tangu utotoni."

Mwanangu mwenyewe haniamini.

Unakumbuka gari la kurekodi lilipofika Mbinga? Tulipanda milima na magitaa mgongoni, wewe ukilalamika viatu vinabana. Fundi mitambo alipouliza nani ametunga, nilikutazama wewe, maana kwetu mdogo hatangulii kusema mbele ya kaka yake. Ukajibu ni sisi wawili, ukaandikisha jina lako kwa niaba yetu. Niliridhika. Maneno yale niliyatoa mimi, nikimsaidia mama kugeuza usipa juani, nawe unajua.

Ungejitwalia wimbo tu, ningemeza. Kuniua kwa nini, kaka? Uliogopa watanitafuta? Kwangu unapajua, umewahi kulala hapa wiki mbili. Safari hii hukubisha hata hodi. Umenisaliti, nami siwezi kulificha.

Rudi redioni useme niko hai. Sitaki kingine, namtaka Neema asikie kwa mdomo wako.

Msalimie shemeji, na shangazi anayeimba kwaya. Mama nimemwandikia barua yake, mwalimu wa shule atamsomea, asije akaanza kunililia bure.

Na usiporudi redioni, basi siku nitakapokufa kweli, usije. Msiba wangu umeshaumaliza.

Mdogo wako,
Festo