Macho Manne Ambayo Hukuyaagiza

Shemeji Salum,

Nakuletea salamu kwanza, maana najua nikianza na shida ungesema, "Athumani, hata hodi hujapiga, tayari umeshakaa." Dada Zuhura hajambo. Ametoka eda wiki iliyopita, amekonda lakini anakula. Binti yenu Mwanaidi hajambo. Mlango wa uani bado unalia, hakuna aliyeutia mafuta tangu uondoke, mimi nikiwemo.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa ndugu wanakutana nyumbani kwako kuzungumza mirathi. Nina neno ambalo lazima nilitoe pale, na naogopa. Mimi, niliyelala Ubena na simba upande wa pili wa gurudumu! Haya, alikuwa fisi. Haya, nilimsikia tu, kwa mbali. Wewe ulikuwa unaniacha nimalize, kisha unacheka kwa pua, na mimi napunguza mnyama mpaka anarudi saizi yake. Sasa hakuna wa kunicheka vile.

Gari lako lipo. Liko palepale chini ya banda la makuti, na Mwanaidi hajaacha hata Ijumaa moja kuliwasha. Analiosha tumboni kwa maji matamu kutoa chumvi ya pwani, anapaka mipira ya milango mafuta ya nazi kama ulivyomfundisha, anavuta choki, anangoja. Injini ikishika anakaa kwenye kiti chako anaisikiliza. Valvu ikigonga anajua. Hamisi, mwanao mkubwa wa Dar kwa mkeo wa kwanza, hajui hata boneti inafunguliwa upande gani.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuzitambua. Mimi niliyeishia darasa la sita ukanifanya profesa wa Fiati. Ya 124 ya kawaida ina macho mawili ya duara, yaani taa za mbele, na injini ya elfu moja na mia mbili. 124 Speshali ina macho manne ya duara na injini kubwa zaidi. Ya 125 macho manne pia, ila ya pembe nne, na bodi ndefu. Ile iliyoundwa Poland ina umbo la 125 na macho ya duara, ukasema hapo ndipo wengi wanapodanganywa. 128 ni ndogo, injini imelala kiubavu, inavuta kwa matairi ya mbele. Mirafiori ilipokuja ulisema ni sanduku zuri, lakini ni sanduku. Na ulipoulizwa la kwako, ulisema "124 ya kawaida" kama mtu anavyotaja jina la baba yake. Huongezi, hupunguzi. Kitu hicho mimi kimenishinda maisha yangu yote.

Unamkumbuka Pazi, yule mwenye Pijo 404. Ulipolala mgonjwa ukanikabidhi ufunguo ukasema, "Liwashe tu, usilipeleke mbali." Nikalipeleka mpaka barazani kwenye kahawa. Pazi akalizunguka, mikono nyuma, kama daktari wa mifugo. "Hii ya macho mawili ni ya karani, Athumani. Speshali ndiyo ya meneja." Watu wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga kikombe.

Shemeji, sikuweza kukaa kimya. Nikasema gari hili lilizaliwa Speshali, ila shoo yake, ule wavu wa mbele, ilivunjwa na pembe la ng'ombe kule Ubena, ukaweka ya kawaida kwa muda tu. Nikasema umeniagiza nilirudishie uso wake. Unanijua, neno likishanitoka mdomoni nalitafutia miguu.

Nikaenda Chalinze. Nyuma ya maegesho ya malori, kwenye vyuma chakavu, kulikuwa na Speshali iliyokufa, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani, lakini uso mzima: shoo, taa nne na nembo yake. Nikaubeba mpaka Mapinga kwa fundi Rajabu. Akasema hautakaa sawa bila kukata bati la gari lako kidogo. Nikamwambia kata. Nikamwambia fanya haraka, mwenyewe asijue.

Nyumbani nikamwambia Dada kwamba ni agizo lako la siku nyingi, kabla hujalala. Kisha nikaja na Pazi na wenzake wawili waone. Nikalisogeza mpaka chini ya dirisha lako, nikapiga honi. Mwanaidi akakuinua, akakuegemeza kwenye mto. Ukaangalia muda mrefu sana.

"Hili gari la nani?"

Pale ndipo nilipokuwa na nafasi. Ningeshuka, ningeingia ndani, ningekunong'oneza. Lakini Pazi alikuwa nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Nikacheka. Nikasema, "Lako, shemeji. Si uliniagiza mwenyewe nikuwekee uso wa Speshali? Umesahau?"

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa unakunywa uji."

Kwa nini niliongeza uji, mpaka leo sijui. Nadhani uji ndio uliokumaliza. Ukamtazama Dada, na Dada akakuitikia kwa kichwa, maana mimi nilishamlisha uongo wangu, masikini. Ukasema, "Basi nimesahau." Ukaomba ulazwe.

Tangu siku ile ukaacha kujiamini. Ulikuwa unauliza leo ni siku gani, na ukijibiwa unauliza tena kama ni kweli. Wewe! Uliyekuwa unakumbuka ulibadilisha oili mwezi gani miaka kumi nyuma! Siku moja nikakukuta unaswali umekaa, na Mwanaidi yuko mbele yako amenyoosha vidole vitatu ili ujue ni rakaa ya ngapi. Ulimwomba mwenyewe akuhesabie. Ulimwambia hesabu yako huiamini tena. Mimi nikarudi mlangoni nikasema nimesahau kitu dukani. Shemeji, figo ndizo zilizokuwa zinakuuma. Kichwa chako kilikuwa kizima. Niliyekigonga ni mimi.

Wiki ya mwisho ulisema mbele yetu sote, sauti ndogo lakini safi: "Gari msiliuze. Abaki nalo Mwanaidi." Kila mtu alisikia.

Baada ya arobaini ndugu wakakaa mara ya kwanza. Hamisi akasema amepata mtu wa Dar anayekusanya magari ya zamani ya Kitaliano, na analitaka. Dada akamkumbusha neno lako. Hamisi akajibu, tena kwa upole, "Mama mdogo, kama baba angekuwa na akili zake, neno lake lingekuwa juu ya kichwa changu, na wadogo zangu wangekubali. Lakini mzee alikuwa hajitambui. Hata taa alizoagiza mwenyewe alizisahau. Si ndiyo, mjomba?"

Wote wakanigeukia. Nikakohoa. Kikohozi changu kikahesabiwa kuwa ni ndiyo.

Mwanaidi aliinuka. Alitoka akaenda kukaa ndani ya gari, milango imefungwa, vioo vimepandishwa, kwenye jua lile.

Hamisi si mtoto mbaya. Anasema anachokijua, na anachokijua nilimpa mimi.

Jumanne nikajikaza nikamwendea Dada. Alikuwa anamenya mihogo. Nikamwambia yote, tangu barazani mpaka dirishani. Hakusimamisha kisu. Akasema, "Athumani, najua unampenda mtoto. Lakini hadithi zako usiniletee kwenye mirathi." Nikaapa. Akasema, "Umeapa na ya simba pia." Nikakaa pale nikitazama maganda. Mtu akidanganya kwa miaka mingi anadhani kweli yake inamngoja pembeni, siku akiihitaji ataiita. Niliiita, shemeji, na dada yangu wa tumbo moja hakuiona ilipoingia.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda Mapinga. Fundi Rajabu alikuwa chini ya lori, miguu tu nje. Nikamuuliza kama analikumbuka gari lako. Akasema kutoka kulekule chini, "La kukatwa bati? Si ulisema mwenyewe asijue? Nilijiuliza siku ile, mtu anabadilishiwaje uso wa gari lake asijue, kwani amekufa?" Kisha akakumbuka kwamba umekufa kweli, akatoka, akafuta mikono, akanipa pole. Nikamwambia nina shida naye. Amekubali kuja kesho kusema hilohilo mbele ya ndugu. Hakuniuliza kwa nini nililifanya. Ningefurahi kama angeuliza, ningepata mahali pa kujizoezea.

Na Pazi nimemwalika. Hilo ndilo linaloniunguza kuliko yote, ndiyo maana nimemwalika. Alikuwepo uani, alisikia nilivyokwambia. Akitaka kulipeleka barazani, alipeleke. Wataninywea nalo kahawa mpaka mwaka upite.

Sijui kama watakubali. Hamisi anaweza kusema nimepangwa na Mwanaidi. Yule mtu wa Dar anaweza kuja na trela lake Jumamosi, na gari likapanda, nami nikasimama barabarani kulitazama. Siwezi kukuahidi gari, si langu la kuahidi.

Ninalokuahidi ni hili. Kesho nitasimama katikati ya chumba, si karibu na mlango, nitasema: Salum hakuagiza chochote. Aliletewa gari aliloliosha kwa mikono yake miaka yote, likiwa limebandikwa uso mwingine, akauliza ni la nani. Kati yetu sote tuliokuwepo siku ile, aliyekuwa na akili timamu ni yeye peke yake. Sitatia ng'ombe wala simba. Na wakiuza au wasiuze, popote nitakaposikia mtu anasema ulikufa hujitambui, harusini, msibani, hata iwe Chalinze kwa watu wasiokujua, nitasimama niseme tena, na nitasema kwa jina langu nani aliyefanya.

Msamaha wako sikuombi. Ningeuomba ningejijibu mwenyewe kwa sauti yako, na nimeshakusemea vya kutosha.

Mungu akupe nuru kaburini, akupanulie, akukutanishe na wazazi wako. Pumzika, shemeji. Ulisema "Basi nimesahau," na mimi nikakuacha ulale nalo.

Hukusahau kitu.

Shemejiyo,
Athumani
Bagamoyo